Mwekundu wa Mwezi wa Saba

Muleba, 3 Novemba 2024

Mpwa wangu Maulida,

Habari za Bilele? Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mwanangu Evarist na mkewe Dativa wanakusalimu. Ndio wanaonitunza: mmoja analima, mwingine ananipikia uji na kunikaripia nikiumwaga. Vuli imeanza vizuri, migomba imesimama, na watoto wameanza kutazama juu wakingoja senene.

Usishangae kupata barua zama hizi za simu. Masikio yangu yamekwisha. Mtu akinipigia nasikia kama anasaga mahindi. Na maandishi ya kwenye simu ni madogo kama mayai ya kipepeo. Kalamu tu ndiyo bado inanitii.

Daktari kaniambia moyo umechoka. Nikamwambia una miaka themanini na miwili, una haki. Kwa hiyo nagawa vitu. Unajua kwamba tangu nilipoanza kufundisha sayansi nimeandika vipepeo wa huku: tarehe, mahali, sura yake, na alichokuwa anafanya. Madaftari arobaini, kila mwaka na lake. Evarist angeyawashia moto, si kwa ubaya, ila kuni zinalowa. Nakutumia wewe kwa konda wa basi la Muleba, katika boksi la sabuni, kwa sababu ulipokuwa mdogo ulikuwa unawaona kabla yangu.

Sharti ni moja: usiyahifadhi tu, endelea kuandika. Tazama kwanza ametua vipi, mabawa kayafumba au kayafumbua. Kisha hesabu miguu anayosimamia. Wako wanaosimamia minne, miwili ya mbele wameikunja kama mtu anayesali. Rangi iwe ya mwisho, maana rangi ina vishawishi. Wala usimkimbize. Kaa mpaka akusahau.

Msalimie mama yako, kama salamu zangu bado zinapokelewa.

Mjomba wako,
Ildefons


Bilele, 24 Novemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Tunamshukuru Mungu, tumeamka. Cherehani ilikatika mkanda, sare za shule zikanilundikia wiki nzima, sasa inakwenda. Boksi lilifika. Konda alinikabidhi kwa mikono miwili akasema, “Mzee kanitisha, eti nikilowesha nitajibu mbinguni.”

Nimeyahesabu madaftari. Yapo thelathini na tisa. La mwaka 1987 halimo.

Mama aliuliza boksi la nani. Nikamwambia. Alikuwa anachambua senene, akaendelea kunyofoa mabawa. Kisha akasema, “Mwalimu anagawa vitu? Basi anakufa kweli.” Salamu zako nilizifikisha, mjomba. Hakuzirudisha, na mimi siwezi kukutungia.

Sababu unaijua. Kile kipande cha ardhi cha mtoni babu alimpa mama kwa mkono wake, na babu alipofariki ukoo ukasema hakupewa. Nilikuwa na miaka kumi na minne aliporudi kutoka kikao kile. Alivua viatu vyenye matope mlangoni akaniambia, “Kuanzia leo mimi sina kwetu.” Hajakanyaga Muleba tena. Watu wa mjini walikuwa wanamwita Mwajuma tangu aolewe na baba na kusilimu. Tangu siku ile hakuna ruhusa hata kwa shangazi zake kumwita Georgina. Lakini hayo ni ya wakubwa.

Nimeanza kazi yako. Kwenye mlimao wa jirani nilimwona kiwavi, nikadhani ni kinyesi cha ndege. Nikamwacha. Siku zikapita, akawa kijani, akajifunga kwenye kijiti. Juzi asubuhi katoka: mweusi, madoa ya njano, pindo limekatwa mawimbi kama fundi alikuwa na haraka. Hana mikia. Amesimama kwa miguu sita. Daftari lako la 1974 linasema ni “yule wa milimao”. Nilifurahi kama mtoto.

Nitumie la 1987.

Mpwa wako,
Maulida


Muleba, 19 Januari 2025

Maulida mwanangu,

Samahani kwa kuchelewa. Krismasi ilinikuta kitandani, Padre akanifuata huko huko na komunyo. Sasa nakaa barazani mchana. Evarist anaendelea vizuri. Mibuni yake imechanua, kibanja kizima kinanukia.

Umefanya vyema kumngoja yule wa mlimao. Sasa tafuta wakubwa, wale wenye mabawa mazito na mikia miwili kila upande. Hao hawahangaiki na maua. Nenda mahali wanapokamua ndizi za rubisi, ukae karibu na makapi yaliyochacha. Watakuja kunywa, na wakishalewa unaweza kuwasogelea hata kwa pua. Walevi wote ni wamoja.

Mtazame pia yule ambaye sisi nyumbani tulimwita wa nguo mbili. Msimu wa mvua anatoka mwekundu kama kaa la moto, na madoa meusi. Kiangazi watoto wake wanatoka bluu iliyokaribia weusi, na mstari wa vidoa vyekundu. Ni kipepeo yule yule. Nilipokuwa kijana nilimwandika kama wawili kwa miaka mitatu, mpaka siku nilipowaona mwekundu na bluu wamepandana, msimu ukigeuka. Nilicheka peke yangu porini.

Daftari la 1987 lililiwa na mchwa.

Habari ya huku ni kwamba wapima ardhi wanakuja mwisho wa mwaka. Ukoo utakaa Novemba, kila kipande kiandikwe jina la mwenyewe, tupate hati za kimila. Evarist ataandikiwa kile cha mtoni, maana ndiye anayekilima. Anataka kukata miti ya kandokando ya maji aongeze mibuni.

Nakuandikia tu ujue.

Ildefons


Bilele, 6 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo, na pole na kitanda.

Nimekaa na barua yako muda mrefu kuliko ilivyostahili barua ya vipepeo. Uliweka habari ya ardhi mwishoni, kama mteja anayekumbuka mlangoni kwamba suruali aliyoleta ni ya kuazima.

Mama nilimsomea sehemu ile. Alisema, “Andikeni.” Basi. Alikwenda kufua, na nguo zilikuwa zimeshafuliwa.

Vipepeo. Februari, kwenye majani makavu ya mlimani juu ya ziwa, nilimwona wa nguo mbili katika bluu yake. Wiki hii, baada ya mvua kubwa, wapo wekundu watatu pale pale. Nilikaa chini nikawatazama mpaka kanga ikalowa. Sikuamini mtu anaweza kubadilisha nguo hivyo akabaki yeye. Walevi wako nimewaona pia, nyuma ya nyumba ya mama mmoja anayekamua ndizi. Alidhani nimefuata pombe, Muislamu mzima na daftari mkononi. “Dada, unaandika majina yetu?” Nikamwonyesha vipepeo. Akasema, “Hao hawalipi kamwe.”

Kuhusu mchwa: wamekula daftari moja katikati ya arobaini, na la 1986 na la 1988 hayana hata tundu. Mchwa wa kwako wana elimu.

Maulida


Muleba, 22 Juni 2025

Mpwa wangu,

Tu wazima. Mvua zimekatika.

Nimelipata lile daftari. Lilikuwa chini ya godoro. Konda analo.

Ildefons


Bilele, 20 Julai 2025

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo, miguu tu inamsumbua. Mimi sijambo. Daftari limefika, na nimelisoma mara nne kabla ya kukuandikia.

Katika ukurasa wa mwezi wa saba, chini kabisa, umeandika: “Jumamosi, 11 Julai. Bumbire, mlimani. Wa nguo mbili, mmoja, mwekundu. Mabawa mapya, hayajachanika. Ametua juu ya jiwe, anafumbua na kufumba.”

Wiki iliyopita nilipata safari ya kupeleka sare kisiwani Bumbire. Wateja walipomaliza kujaribu nikapanda mlima. Majani yamekauka mpaka yana rangi ya mkate. Niliwaona wa nguo mbili wanne. Wote bluu. Nilijua utasema mmoja anaweza kuchelewa, akaingia na nguo ya mvua katikati ya kiangazi, na mimi ni mwanafunzi wa miezi minane tu. Lakini aliyechelewa angekuwa mzee, mabawa yamechakaa. Wako alikuwa mpya.

Kisha nikarudi nyuma katika daftari hadi tarehe 18 Aprili mwaka huo huo. “Mtoni, kwa Baba. Wa nguo mbili, mmoja, mwekundu. Mabawa mapya, hayajachanika. Ametua juu ya jiwe, anafumbua na kufumba.” Neno kwa neno. Mjomba, mimi nakata nguo. Hata ukikata mashati mawili kwa kipimo kimoja hayafanani hivyo.

Nimeshasikia tarehe 11 Julai mara nyingi. Ndiyo siku ambayo mama anasema babu alipanda mulamula, mti wa kuwekea mpaka, pale mtoni, nanyi wawili mkiwa mmesimama naye. Na ndiyo siku ambayo wewe, mbele ya ukoo, ulisema hukuwepo.

Mjomba, siku ile ulikuwa wapi?

Maulida


Muleba, 28 Septemba 2025

Mpwa wangu Maulida,

Nimeandika barua hii mara sita. Tano amezipata Dativa za kuwashia jiko. Sitaanza na habari za nyumbani, unisamehe adabu hiyo.

Nilikuwa mtoni.

Ilikuwa asubuhi, umande haujakauka. Baba alitwaa vipandikizi vitatu vya mulamula, akavichomeka mwenyewe kwa mstari kutoka kwenye njia mpaka kwenye maji. Alimwambia mama yako, “Hapa ni pako, uwe umeolewa na nani, uwe unasali wapi.” Akanigeukia mimi. “Wewe ndiye shahidi. Nimekuchagua kwa sababu unaandika.” Unajua desturi yetu: anayempa mtu ardhi akiwa hai hupanda mpaka mbele ya shahidi wa ukoo, na siku ya ubishi shahidi ndiye hati. Tukanywa rubisi kidogo, mama yako akanywa maji. Sikuandika kitu siku hiyo. Nilikuwa na hasira.

Nilijiambia kwa miaka mingi kwamba ilikuwa hasira ya ukoo, kwamba binti hapewi kipande chenye maji, kwamba ardhi itakwenda mjini kwa watu wa Jamali. Si kweli. Baba yako Jamali alikuwa mtu mwema na alinipenda. Mimi nilikitaka kile kipande. Evarist alikuwa na miaka mitano na nilikuwa nimeshamwona akikilima.

Baba alipofariki mwaka 1989, wiki moja baada ya arobaini niling'oa mulamula yote mitatu nikaitupa majini. Mulamula ukiukata unachipua tena, kwa hiyo nilichimba mpaka mizizi. Kisha nikafungua daftari la 1987. Chini ya ukurasa wa Julai palikuwa na nafasi ya mistari minne. Nilihitaji mahali pa mbali, nikaandika Bumbire. Nilihitaji kipepeo, nikanakili wa Aprili, kwa sababu alikuwa ameandikwa vizuri nami nilikuwa na haraka. Mimi, mwalimu, niliyewafundisha watoto wa watu nguo mbili za kipepeo yule, nilimvisha nguo ya mvua katikati ya kiangazi. Nililigundua kosa usiku wa kuamkia kikao, na likanifariji. Nilijua hakuna mtu ukoo mzima ambaye angeweza kuliona.

Isipokuwa mmoja. Mama yako alikua nami, akiwahesabu nami. Kikaoni nilisimama nikasoma ukurasa ule kwa sauti ya darasani. Aliposikia neno “mwekundu” aliinua uso akanitazama. Nilingoja aseme. Hakusema. Wazee wangeweza kumcheka, mwanamke analeta vipepeo mbele ya ukoo. Labda ndiyo sababu. Alitoka nje tu. Sijui kama alijua. Nimekufa kidogo kidogo kwa kutokujua.

Kwa nini nisilichome daftari? Nilijaribu. Nilishindwa kuchoma kurasa mia moja za kweli kwa ajili ya mistari minne ya uongo. Na kwa nini nikaanza kukufundisha? Nadhani nilitaka mtu anishike, nisilazimike kujipeleka mwenyewe. Huo nao ni woga.

Sasa Evarist. Hajui lolote. Ana mibuni mia tatu pale. Yeye ndiye anayeninyanyua kitandani asubuhi, ananiogesha, ananivalisha. Nikisema haya, namnyang'anya kwa mdomo ninaolishwa naye.

Nakuomba jambo moja. Usimsomee mama yako mpaka nitakapozikwa. Itunze barua hii, ipeleke kwa ukoo wakati huo. Mwandiko wangu wanaujua.

Ildefons


Bilele, 5 Oktoba 2025

Mjomba, shikamoo.

Nimemsomea jana, baada ya sala ya alasiri. Ombi lako nimelikataa na sikuombi radhi. Wewe umezikwa, yeye abaki na karatasi aitetee mbele ya watu wale wale waliomfukuza? Evarist atasema mzee alikuwa mgonjwa, akili zimehama. Na atakuwa na haki ya kusema.

Alisikiliza mpaka mwisho akiwa na kisu na ndizi mkononi. Niliposoma kwamba hujui kama alijua, alicheka. Si kicheko kizuri.

“Alijua kwamba nilijua,” alisema. “Muulize kwa nini hakuinua macho yake tena mpaka nilipofika mlangoni.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile.

“Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe. Niliona hawezi kumaliza kusoma ukurasa. Akamaliza. Basi nikangoja nje. Nikangoja stendi. Nimengoja hapa Bilele.”

Anasema atakuja kwenye kikao cha Novemba. Anasema hatafungua mdomo kudai. Utasema wewe, ukiwa hai, kwa sauti ile ile ya darasani.

Evarist umwambie kabla. Asisikie kikaoni.

Maulida


Muleba, 16 Novemba 2025

Mpwa wangu Maulida,

Ulibaki nje ya uzio na akina mama na mengine hukuyasikia, na safari ya kurudi ilikuwa ya haraka. Kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea, upate kuyajua kutoka kwangu.

Evarist nilimwambia siku mbili kabla, akiwa ananifunga vishikizo. Alimaliza kuvifunga vyote. Kisha akatoka, na tangu wakati huo ananinyanyua, ananiogesha, wala hanisemeshi.

Kikaoni nilishindwa kusimama, wakaniruhusu kukaa. Nilisema yote kama nilivyokuandikia. Sikuacha hata mizizi. Nilipomaliza, Mzee Avit, mkuu wa ukoo, alivua kofia akajikuna kichwa.

“Mwalimu,” alisema, “mwaka ule ulituonyesha maandishi tukayaamini. Leo unasema maandishi yale ni uongo. Sasa sisi tuamini lipi?”

Mama yako alikuwa ameahidi kutofungua mdomo. Alifungua.

“Aminini lile linalomuuma kulisema.”

Watu wakanong'ona. Evarist aliinuka, macho mekundu. Hakunitazama mimi, alimtazama yeye. “Shangazi, na mibuni yangu?”

“Umeipanda wewe,” alimjibu. “Vuna msimu huu, na wa mwakani. Baada ya hapo ni ardhi yangu, na miti ya mtoni usiikate.”

“Na mimi nilikosa nini?”

“Hukukosa kitu. Hata mimi sikukosa.”

Hapo nilitamani ardhi initwae, mpwa wangu. Evarist alikaa chini. Nilimpenda kuliko siku zote, na sikuwa na la kumpa.

Karani aliuliza aandike jina gani, Georgina au Mwajuma. Avit akaanza kueleza habari ya dini na ukoo. Mama yako akamkata. “Andika yote mawili, Avit. Kipande ni kirefu, yatatosha.” Hata waliokuwa wamenuna walicheka. Wakaandika. Jioni vijana walipeleka mulamula mipya mtoni, yeye akiwaelekeza kwa fimbo mahali mashimo yalipokuwa. Aliyakumbuka yote matatu.

Kabla hamjaondoka alikuja chumbani kwangu. Alikaa kwenye kiti cha Evarist, akavitazama vidonge mezani, akaitazama miguu yangu iliyovimba. Nilimwita Georgina. Hakunikataza.

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yakapotea, nikabaki na neno lenyewe tu.

Akasema, “Sijakusamehe, Ildefons. Bado nafikiria. Usife kabla sijamaliza.”

Nikamuuliza itachukua muda gani.

“Wewe umechukua miaka thelathini na sita.”

Akajifunga mtandio akatoka.

Tangu mwezi wa nane nilikuwa nimeacha vidonge vya moyo. Nilikuwa navitia chini ya ulimi Dativa akitazama, kisha navitemea dirishani; niliona nimeishi vya kutosha. Leo nimemwita nikamwambia ukweli huo nao. Amenifokea, amefungua pakiti mpya, amesimama mpaka nimemeza. Nimemeza viwili, nikanywa uji wote, nikaomba mwingine.

Mwambie mama yako nafanya bidii.

Ildefons